Koti la Mwanakhamis

Badawi fundi alikuwa akiitazama miguu ya mkewe. Mwanakhamis alipotoka jikoni na sinia ya chai, yeye hakuitazama chai wala uso. Aliteremsha macho hadi sakafuni akaangalia nyayo zinavyotua, kama zatua kwa mpigo mmoja au zatua ovyo kama za wanawake wote wa Kibokoni. Alipogeuka kurudi jikoni, Badawi aliangalia amezunguka kwa kisigino kipi. Mguu uliofundishwa jeshini hausahau upesi. Alilijua hilo kwa kuwa wake mwenyewe ulikuwa haujasahau: amekwisha vua sare, amekwisha rudi kwenye cherehani yake sebuleni, na bado mtu akimwita ghafula visigino vyake vilikutana.

"Mbona wanitazama chini, bwana?" Mwanakhamis aliuliza. "Nimekanyaga kitu?"

"Sijui. Wewe ndiwe ujuaye ulikokanyaga."

Mwanakhamis aliweka sinia akasimama kidogo, kama mtu aliyesikia mlango ukigongwa na hana hakika. Kisha akaondoka bila kujibu. Badawi akayanukuu moyoni hayo pia: hakujibu.

Alichokiona, alikiona Seloni, ng'ambo ya bahari, wakati wa vita. Huko ndiko alikokuwa fundi wa kikosi, akipunguza suruali za askari na kuwashonea maafisa tepe za mabegani zilizokatika. Jioni moja wakatandikiwa shuka jeupe baina ya minazi, wakaonyeshwa picha ya sinema ya wanawake walioingia vitani. Wakapita mabibi wa Kizungu waliokuwa wakiendesha magari ya wagonjwa, wakapita wauguzi wenye vitambaa kichwani, halafu mashine ikasema, kwa Kiswahili cha mtu aliyejifunza kwa kufokea watumishi: "Sasa hawa wanawake ya Mombasa. Wao nilitumika jeshi kwa moyo safi, sasa narudi nyumbani kwa furaha." Na hapo wakatokea wanawake safu kwa safu, makoti ya kaki, kofia za kaki, mikono imepanda kwenye paji la uso. Katika safu ya pili alikuwamo Mwanakhamis. Uso wazi. Anacheka.

Badawi aliruka. "Mke wangu yule!"

Neno hilo alilijutia kuliko yote aliyopata kuyasema. Kambi nzima ilicheka mpaka mashine ikamezwa na kicheko. Aliyekuwa ameketi kando yake, aliyemvuta mkono wa shati akimwambia "Keti, yakhe, waharibu picha," ni Taib, mtu wa mtaa wake, Kibokoni. Sasa Taib naye amerudi.

Na kila asubuhi Taib alipita mbele ya dirisha la fundi, mkongojo mkononi usio na haja, akasimama.

"Salaam aleikum, fundi."

"Aleikum salaam."

"Waonaje hali? Na Afande? Afande hajambo?"

"Hajambo," Badawi alisema, mguu ukikanyaga cherehani kwa nguvu hata nguo ikakunjamana chini ya sindano.

Siku moja Mwanakhamis akauliza kutoka nyuma ya pazia: "Afande ni nani?"

"Hilo," Badawi alisema, "ningependa kuambiwa mimi."

Mtu atauliza: kwa nini asimwulize mkewe waziwazi, mara moja, yaishe? Hakuuliza kwa sababu ya hesabu ya ndoa yake. Alikuwa amekwisha mwacha Mwanakhamis mara mbili, akamrejea mara mbili. Talaka ya kwanza aliitoa mwaka wa kwanza, ujana na hasira, kwa sababu ya kitambaa cha mteja wa Kibanyani kilichoungua chini ya pasi. Ya pili aliitoa wiki alizokuwa akijitayarisha kwenda vitani, alipopata habari kwamba mkewe amekwenda kucheza lelemama, ile ngoma ya wanawake yenye vyama, vyeo na mashindano, ambayo masheikh waliisema vibaya misikitini. Tena babake Mwanakhamis, Maalim Abdulhalim, ndiye aliyekuwa mkali kuliko wote. Badawi alimrejea mkewe kabla ya kupanda meli, akamwapisha hatakanyaga ngoma tena. Limebaki neno moja. Hilo likitoka, mke harudi mpaka aolewe na mwanamume mwengine na huyo naye amwache. Mtu mwenye neno moja hulibeba kama yai. Na Badawi, ingawa asingekubali kulisema mbele ya mtu, alikuwa akiamka alfajiri na kukaa kimya akisikiliza pumzi za mkewe, akamchukia, kisha akaogopa zisije zikahama.

*

"Mama," alisema siku ya Ijumaa, amekwisha oga, anajitayarisha kwenda kuswali. "Koti langu la harusi liko wapi? Lile la kijivu."

Mamake, Bi Mwanakuu, alikuwa ameketi mkekani akichambua mchele. Mwanakhamis alikuwa mlangoni. Badawi akaona, na alikuwa amekaa tayari kuona, macho ya wale wawili yakikutana yakiachana.

"Lipi?" mamake aliuliza.

"Mama, mimi nina makoti ya harusi mangapi?"

"Lile limeliwa na mende."

"Mende wala koti zima? Na vifungo?"

"Mende wa wakati wa vita, mwanangu," Bi Mwanakuu alisema bila kuinua uso. "Hapakuwa na chakula. Walikula walichopata."

Mwanakhamis alitoka upesi, na Badawi hakujua kama mabega yake yalitikisika kwa kicheko au kwa hofu. Alikwenda msikitini na kanzu tupu. Katika safu, begani kwake palikuwa na mtu aliyevaa koti la kijivu. Aliswali nusu ya swala akiutazama mshono wake.

Koti lile alilishona mwenyewe. Alikata mwenyewe, akapiga pasi mwenyewe, na ndani ya kola alifanya alivyofundishwa na marehemu babake: uzi ukifika mwisho haukatwi, hurudishwa ndani ya pindo mpaka ukapotea, ili usimchome mvaaji shingoni. Mafundi wengine waliwacheka kwa kupoteza muda. Sasa koti hilo amelipata nani? Mke akiwa amekwenda jeshini, mwanamume gani wa huko amerudi kwao Bara na koti la harusi la Badawi?

Aliporudi, mkewe alikuwa ametoka kwenda kwa jirani. Badawi akaingia chumbani akafungua kasha lake.

Kanga. Kanga nyingine. Ukaya wa kujifunika kichwa wa marehemu mamake Mwanakhamis, wenye harufu ya udi. Chini yake mkono ukagusa kitu kigumu, akakivuta, na hata kabla hajakitoa kwenye mwanga alikwisha jua ni kaki.

Koti la kike, limekatwa kiunoni. Na kofia yake.

Badawi akaketi juu ya kitanda. Macho ya mume yalitaka kufumba, lakini macho ya fundi yalikataa. Aliligeuza nje ndani. Halikuwa koti la jeshi. Makoti ya jeshi aliyashika miaka, aliyajua kama mswaki wake, yalishonwa mbio na watu wasiojali. Hili limeshonwa polepole. Mifuko imekaa sawa. Kiuno kimefuata mwili wa mtu mmoja tu, na mwili huo aliujua. Akapitisha kidole ndani ya kola. Hapakuwa na uzi unaochoma.

Fundi hodari, alijisemea. Fundi mwenye subira. Na subira yote hiyo ameifanyia shingo ya mke wangu.

Mwanakhamis alimkuta hapo. Alipoliona koti mikononi mwa mumewe aliegemea mlango.

"Nani alikupima?" Badawi aliuliza.

"Nini?"

"Koti hili limepimwa mwilini. Kifua, kiuno, mkono. Nani alizungusha kamba?"

"Hakuna mtu. Nimeshona mwenyewe."

Badawi akacheka, kicheko kibaya, cha puani. "Wewe? Wewe uliyekuwa ukiniletea kifungo cha ukaya nikushonee? Mwanakhamis, mimi ni fundi. Nidanganye kwa jambo jingine."

Mwanakhamis akainamisha uso. Kilichomuuma hapo hakikuwa hofu, lakini Badawi hakuwa akitafuta maumivu, alikuwa akitafuta hatia, akaona hatia.

"Ulikwenda?"

"Nilikwenda," alisema taratibu. "Sikatai. Uliniapisha, nami nilikwenda."

"Na mamangu alijua?"

"Mwache mama. Kosa ni langu."

"Mlikuwa wengi?"

"Tulikuwa wengi. Wakubwa zetu walitupanga safu, wakatufundisha hatua. Kwani mpaka hapo hujaambiwa? Basi huyo aliyekuambia alikuambia nusu." Machozi yalikuwa yanamlenga, lakini sauti ilikuwa imara. "Bwana, vita vilikuwa virefu. Wewe hukuandika. Siku nyingine tukiambiwa meli imezama, nakaa hapa nasikiliza mlango. Kule nilikuwa na wenzangu. Nilikuwa nikisahau."

"Ulikuwa ukisahau," Badawi alirudia.

Neno lilikuja mpaka kwenye ulimi. Alilisikia lilivyo jepesi. Lakini Bi Mwanakuu alikuwa amekwisha simama nyuma ya Mwanakhamis, na ungo wa mchele mkononi. "Badawi. Ukisema kitu leo, hakishoneki. Toka nje ukapigwe na upepo."

Akatoka. Koti aliliacha kitandani, mikono yake ikiwa imepanuka kama ya mtu aliyelala chali.

*

Mjini pale palijulikana mwanamke mmoja tu aliyekwenda jeshini kweli, jina lake Priscah, Mgiriama Mkristo aliyeshika kazi katika hospitali ya askari, akahama nayo mpaka Somalia. Baada ya vita alipewa cheti na nauli. Sasa alikuwa akikaanga samaki karibu na Liwatoni, kwa mabaharia na wachukuzi. Badawi alizunguka jiko lake mara kadhaa kabla ya kusogea.

"Wauzaje?"

"Wewe hukuja kununua samaki, Badawi fundi," Priscah alisema, akigeuza changu kwenye karai. "Mtu ajaye kununua samaki huangalia samaki."

Badawi alitazama huku na huku. "Nasikia ulikuwa jeshini."

"Wasikia? Nilikuwa. Haya, lete la pili."

"Wanawake wa mji huu... wa Kibokoni, tuseme. Wako uliowaona huko?"

Priscah aliweka mwiko chini. Alikuwa na mikono mikubwa, yenye makovu madogo meupe ya mafuta. "Jina lake nani, huyo mkeo?"

"Sikusema mke."

"Hukusema. Sikiza, bwana fundi. Mimi nimewaosha watu waliooza wazima. Nimewashika wakifa wakiniita mama, na nilikuwa sijazaa. Nimerudi kwetu, kanisani benchi ninaloketi mimi watu wahama. Wanaume waja hapa waniuliza bei, wala si ya samaki. Na leo waja wewe, msafi, umejipaka atari, wataka nikwambie kama mkeo ni kama mimi. Mimi ni nini?"

"Sikukutukana, dada."

"Nambie wewe. Ulikuwa ng'ambo miaka. Yuko mtu aliyekwenda kwa fundi mwenzako kumwuliza Badawi alikuwa alala wapi?"

"Mimi mwanamume."

"Ehee! Basi, bwana mwanamume, samaki huyu ni senti hamsini."

"Yule ulimwuzia ishirini."

"Yule amekuja kununua samaki."

Badawi alilipa. Alikuwa amekwisha geuka aliposikia akiitwa, na sauti ya Priscah safari hii ilikuwa na kitu kingine, karibu haya. "Gari la picha la serikali laja Makadara. Waonyesha wanawake wa jeshini. Sisi tulipigwa picha wodini, mimi nimeshika beseni. Yule bwana aliniambia nisimwangalie yeye, niangalie mgonjwa. Njoo. Mkeo kama yumo utamwona. Na mimi utaniona, uache kuuliza watu."

*

Waliokwenda Makadara walikuwa wanaume wa mjini, wamejaa uwanja, wengi na kanzu nyeupe kwa kuwa walitoka msikitini kuswali Isha. Kulikuwa na wachukuzi, askari waliovuliwa sare, na wanawake wachache wa Bara upande mmoja. Mwanamke wa Kibokoni hakuwako hata mmoja. Priscah aliketi mbele kabisa, gauni lake la kazi limepigwa pasi, limetiwa wanga, na beji ya hospitali kifuani. Badawi alisimama nyuma, na Taib akamtafuta mpaka akampata.

"Umekuja kumpigia Afande saluti?"

"Taib, leo niache."

"Nakuacha, yakhe. Ila safari hii usiruke."

Taa ikawaka juu ya shuka jeupe. Wakaja wale mabibi wa Kizungu na magari yao, wakaja wale wauguzi, weupe wote. Priscah alinyoosha shingo. Halafu Kiswahili kile kibovu, "wanawake ya Mombasa," na watu wakacheka, na zile safu za kaki zikatokea.

Kule Seloni, Badawi aliona uso mmoja, hakuona kingine. Sasa uso ule hakuutaka, akauambaa, macho yakaangukia nyuma yake. Nyuma ya safu palikuwa na ua wa makuti. Juu ya ua, ukuta. Katika ukuta, dirisha lililovunjika ufito mmoja. Dirisha lile alilitazama tangu utotoni: la nyumba ya Bi Mejumaa, vichochoro viwili kutoka kwake. Na yule wa mwisho katika safu, mkono mmoja umepiga saluti, kwapani alibana pembe, ile pembe ya nyati wanayoipiga kwa kijiti wakicheza.

Kabla akili yake haijafika, Priscah alikwisha simama.

"Hawa si jeshi! Hawa wacheza ngoma! Hiyo lelemama ya Bi Mejumaa, mimi niliwasikia wakifanya mazoezi! Sisi tuko wapi? Bwana, sisi tuko wapi?"

Uwanja ukapasuka. Maana kama wale ni wanawake wa Kibokoni katika ua wao, basi nyuso zile ni nyuso zao, wazi, mbele ya kila mwenye macho. "Yule si mke wa..." mtu alianza, akapigwa kofi. Mwengine akaita, "Funga! Zima taa hiyo!" Kando ya Badawi, Taib alikuwa amefungua kinywa. Kwenye picha, katika safu ya nyuma, kofia imemwendea upande, alikuwa dadake, Mahfudha, akiwa amevimbisha mashavu kuzuia kicheko.

"Mahfudha," Taib alisema, kwa sauti ya mtoto. Kisha akakimbia mbele.

Wanaume wakajitupa baina ya mashine na lile shuka ili wazibe mwanga kwa miili yao. Lakini mwanga haukuzibika. Uliwaangukia wao. Wanawake wakateremka kutoka kwenye shuka wakakaa juu ya kanzu za waume zao na kaka zao, wakubwa, weupe, wakicheka: jicho juu ya bega la huyu, meno juu ya tumbo la yule. Na kadiri walivyojipangusa, ndivyo nyuso zilivyowacheka. Taib alisimama katikati, mikono imepanuka, na Mahfudha alikuwa amejaa kifuani pake kutoka kidevuni mpaka magotini.

Badawi hakusogea. Katika uwanja ule wote wenye matusi na mawe, yeye peke yake alikuwa akicheka, machozi yakimtoka. Ngoma! Ngoma tu! Ua wa Bi Mejumaa!

Mashine ilizimwa. Alipokuwa akitoka mbio alipita karibu na gari, akamsikia Priscah akimwuliza mtu wa mashine, taratibu, akiwa amekunja mikono juu ya beji: "Bwana, na ile sehemu ya hospitali iko mbele?"

"Hakuna ya hospitali, mama. Hiyo ndiyo yote."

Badawi alimwona, akamkumbuka, akampita. Alikuwa na haraka ya furaha yake.

*

"Mwanakhamis!" Aliita tangu mlangoni. "Mwanakhamis, ilikuwa ngoma!"

Mwanakhamis alikuwa ameketi na Bi Mwanakuu, taa baina yao. Alisimama, mikono imeshika kanga kifuani. Aliisubiri sauti hiyo siku zote, lakini hakuitazamia ije na kicheko.

"Nimekuona. Makadara, kwenye picha. Wewe na Bi Mejumaa na Mahfudha na makofia yenu. Ngoma!"

"Kwenye picha," Mwanakhamis alisema. "Makadara. Mbele ya wanaume?"

"Mbele ya mji mzima."

"Yule bibi wa Kizungu alituapia," Mwanakhamis alimwambia Bi Mwanakuu, si Badawi. "Alikuja na sanduku lake la picha akanywa kahawa yetu. Akasema ni mwanamke, aonyesha wanawake wenziwe Ulaya, hakuna mwanamume wa mji huu atakayeziona. Akatuambia tupige saluti, tukapiga, tukacheka." Kisha akamgeukia mumewe. "Nawe wafurahia nini?"

Badawi akamweleza. Alimweleza yote kwa mkupuo, kama mtu atuaye mzigo: Seloni, shuka, "Mke wangu yule," kicheko cha kambi, Taib na Afande wake, koti. Aliongea akitembea, akijipiga paja, akidhani naye atacheka. Bi Mwanakuu ndiye aliyeona uso wa Mwanakhamis ukibadilika, akasema kwa sauti ndogo, "Badawi, nyamaza." Hakunyamaza mpaka akaisha.

"Kwa hivyo," Mwanakhamis alisema, "ulipokuwa waniangalia miguu."

"Nilikuwa..."

"Na uliponiuliza nani alizungusha kamba. Ulidhani nimekwenda kambini kwa wanaume. Mimi nilidhani waniuliza ngoma. Nikalia kwa ajili ya ngoma, na wewe wayapima machozi yangu kwa uchafu."

"Lakini sasa nimejua. Nimekusamehe, mke wangu. Hata hiyo ngoma nimekusamehe."

"Ngoma uliniacha kwayo. Talaka nzima. Leo waicheka. Umeisamehe kwa kuwa ulinidhania kosa kubwa kuliko hiyo." Alikuwa haongezi sauti. "Uliona picha ya kufumba na kufumbua ukaiamini. Mimi nimelala kando yako kila siku tangu urudi, hukuniuliza. Nilikwambia koti nimeshona mwenyewe. Ukacheka."

"Mwanakhamis..."

"Limebaki moja. Lilete."

Badawi aliacha kutembea. "Nini?"

"Ulilibeba tangu Seloni, umelichoka. Lilete, tulimalize. Mara ya kwanza ulilitoa kwa kitambaa cha Banyani. Leo lakushinda nini?"

Alifungua kinywa. Lile neno ambalo juzi lilikuwa jepesi sasa halikuwako. Alimtazama mkewe, akamtazama mamake. Mamake aliiangalia taa.

"Hulitaki?" Mwanakhamis alisema. "Basi kaa nalo."

Akaliteremsha buibui kutoka kwenye msumari akajifunika. "Nakwenda kwa baba. Namwambia mwenyewe, kwa mdomo wangu, kabla hajaambiwa na watu wa Makadara. Atakalonifanya, anifanye baba yangu."

"Ngoja, nikusindikize. Kiza nje."

"Njia naijua," alisema. "Mimi ni askari."

Mlango haukupigwa. Ulifungwa taratibu, kama unavyofungwa na mtu asiyetaka kumwamsha mgonjwa. Nje, katika mtaa, nyumba mbili tatu zilikuwa na makelele, mahali fulani mwanamke akilia, na sauti ya Taib ikifoka kisha ikikatika.

Bi Mwanakuu aliinuka kwa kujisukuma na magoti. Aliingia chumbani kwake, akarudi na kifurushi kilichofungwa katika kanga kuukuu, akakiweka juu ya cherehani.

"Mende wako hao," alisema, akaenda kulala.

Badawi alifungua. Lilikuwa koti lake la harusi, kipande mbali na kipande: mgongo, vifua, mikono, kola. Halikukatwa kwa mkasi. Limefumuliwa, uzi baada ya uzi, na mtu aliyetaka kujua linashonwaje. Kila kipande kimepigwa pasi. Vifungo vilikuwa katika kijaluba. Ndani ya kola, pale pindo lilipofunguliwa, paliwekewa alama ya chaki, mahali hasa uzi wa babake ulipokuwa umegeuka na kurudi ndani.

Alikwenda akalileta koti la kaki kutoka chumbani. Akapitisha kidole kwenye kola tena. Hapakuwa na kitu kinachochoma. Katika Mombasa yote fundi wa kushona hivyo alikuwa mmoja, na yeye alikuwa Seloni.

Aliketi kwenye cherehani. Akachukua mkono wa koti la kijivu akaushikiza kwenye kipande cha bega, akaweka mguu kwenye kikanyagio, akangoja. Kazi ile aliijua. Angeimaliza kabla ya alfajiri na hapana mtu angejua kwamba limepata kufumuliwa. Mguu wake ulikaa pale pale, umetulia, na masikio yake yakawa mlangoni.